Kabla Hujanunua Utulivu, Soma Mchoro

Watu wengi wanaonijia kutaka ushauri kuhusu nyumba ya nje ya mji huwa wameshaamua moyoni. Wamekwenda Madale au Kibada Jumamosi asubuhi, wakakuta barabara ya vumbi isiyo na gari, michongoma iliyokatwa vizuri, na fundi mmoja kwa mbali anapigilia bati. Dalali amewaambia, "Huku pametulia, dada yangu, utalala usingizi." Wanachotaka kwangu ni niwaangalizie hati tu. Nami kabla ya hati huwaomba wanitafutie mchoro wa mipango miji wa eneo lile, na hapo ndipo wengi hushangaa, kwa sababu hawajawahi kuusikia.

Nauomba mchoro kwa sababu ukimya wa mtaa mpya, mara nyingi, maana yake ni kwamba watu hawajafika bado. Viwanja vitatu kati ya vitano ni vichaka, viwili ni mapagala yanayosubiri pesa ya kupaua. Ndiyo maana unasikia ndege. Baada ya miaka kumi vichaka vyote vitakuwa na wenyewe, na kitakachoamua kama bado utalala usingizi ni yale yaliyopangwa, au yasiyopangwa, siku ulipokuwa unatazama michongoma.

Na watu watafika. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 4,364,541 katika Mkoa wa Dar es Salaam. Ya 2022 ikahesabu 5,383,728. Ni ongezeko la milioni moja ndani ya miaka kumi. Lakini tazama Mkoa wa Pwani, uliouzunguka mji: kutoka 1,098,668 hadi 2,024,947, karibu mara mbili. Wengi wa hao wamekwenda Kibaha, Mapinga, Kerege, Vikindu, kule kule ambako leo tangazo la kiwanja linaanza na maneno "eneo tulivu". Anayenunua pembezoni ananunua mahali ambapo mji mzima unaelekea.

Sasa turudi kwenye mchoro. Kabla ardhi haijapimwa, maafisa mipango miji huichora: hapa makazi, hapa makazi na biashara, hapa shule ya msingi, hapa zahanati, hapa soko, hapa nyumba ya ibada, hapa eneo la wazi, na kati yake barabara zenye upana uliotajwa kwa mita. Mchoro ukishaidhinishwa ndipo mpima ardhi huingia, akafukia bikoni, yaani alama za mipaka, kwenye pembe na kutoa ramani ya upimaji. Hati miliki huja mwisho kabisa. Kila kimoja kina kazi yake. Hati inakuambia nani ni mmiliki, kwa muda gani na kwa masharti gani. Ramani ya upimaji inakuambia kiwanja kinaanzia wapi na kuishia wapi. Nini kitajengwa ng'ambo ya barabara yako, utakiona kwenye mchoro peke yake, na nakala yake huangaliwa ofisi ya mipango miji ya halmashauri husika. Nenda na namba ya kitalu na ya kiwanja. Kama unaona aibu kuuliza, nenda na mtaalamu. Gharama yake ni ndogo ukilinganisha na bei ya nyumba.

Ukiupata, usianze na kiwanja chako. Anza na majirani zake. Lile pori zuri upande wa mashariki, ambalo dalali amelisifia kwa upepo, linaweza kuwa limeandikwa soko. Kiwanja cha kona chenye mwembe kinaweza kuwa cha makazi na biashara, na mwenye kiwanja hicho ana haki ya kufungua duka, saluni au mgahawa bila kuvunja sharti la matumizi ya kiwanja chake. Mimi ningenunua nyumba inayopakana na shule kabla ya kununua inayopakana na kona ya namna hiyo. Shule ina kelele za mchana, ina kengele na mchakamchaka, lakini jioni hunyamaza, na uwanja wake unabaki wazi. Baa huanza pale shule inapoishia.

Kisha tazama upana wa barabara. Barabara pana zaidi kwenye mchoro ndiyo itakayopata lami kwanza, ndiyo itakayopitisha daladala, na ndiyo itakayoota maduka pande zote mbili. Wanunuzi wengi huikimbilia, na bei yake huwa juu. Anayetafuta utulivu atafute mstari wa pili au wa tatu kutoka hapo: karibu kiasi cha kutembea hadi kituoni na mzigo mkononi, mbali kiasi cha kutosikia makonda wakiita abiria. Njia isiyotokea upande wa pili, ile inayoishia kwenye geti la mtu, ni bora kuliko zote, kwa sababu hakuna dereva atakayeitumia kukwepa foleni.

Nikitaka kuwaonyesha watu jinsi utulivu uliopangwa unavyoweza kupotea, huwapeleka Sinza. Sinza haikuota yenyewe. Katika miaka ya 1970 serikali, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, iliendesha mradi wa viwanja vyenye huduma: barabara, maji na mifereji vilitangulia, kisha watu wakapewa viwanja wajenge wenyewe. Sinza, Kijitonyama na sehemu za Mikocheni zilitokana na mpango huo. Zilikusudiwa kuwa za kulala, kulea watoto na kustaafu. Leo anayetafuta muziki wa usiku hahitaji kuelekezwa Sinza iko wapi, na Mikocheni nyumba nyingi zimekuwa ofisi, zahanati na shule za chekechea. Mtaa ulibadilika kiwanja kimoja kimoja. Mmoja aligeuza ukumbi wake wa mbele kuwa duka, wa pili akaweka viti nje, wa tatu akaomba kibali cha kubadili matumizi akapewa, na wa nne hakuomba kabisa.

Sisemi Sinza imeharibika. Kuna watu wanaoipenda jinsi ilivyo, na walionunua zamani wamepata faida kubwa. Lakini aliyenunua pale kwa ajili ya ukimya alipaswa kujua kwamba mchoro hulindwa na watu, na kwamba mtaa ulio karibu na katikati ya mji, wenye lami na umeme wa uhakika, huwavuta wafanyabiashara kwa nguvu kuliko sheria inavyoweza kuwazuia. Kwa hiyo ukiwa na mchoro mkononi, toka nao barabarani. Linganisha. Pale palipoandikwa eneo la wazi, pana uwanja kweli au pana ghorofa lenye ukuta wa tofali? Eneo la wazi ndilo huibwa kwanza kuliko kitu chochote mjini. Ukikuta limeshajengwa, umejifunza jambo kuhusu halmashauri, kuhusu serikali ya mtaa, na kuhusu majirani watakaoishi nawe, na umejifunza kabla hujatoa hata shilingi.

Mambo ni tofauti mahali ambapo mchoro haukuwahi kuwepo. Sehemu kubwa ya Goba, Makongo Juu, Kimara ya ndani na Chanika ilianza kama mashamba ya minazi, mikorosho na mihogo. Mzee aliuza kipande kumsomesha mtoto, kisha kingine kwa ajili ya matibabu, na watoto wakaendelea. Vipande viliuzwa kwa kupigwa hatua: ishirini kwa ishirini, thelathini kwa ishirini. Barabara ilikuwa ni ile nafasi iliyobaki. Mara nyingi maeneo haya yanapendeza, yana miinuko na miti mikubwa, na majirani wanaojuana kwa majina. Wakazi wake si wavamizi. Wengi walinunua kwa haki mbele ya mjumbe na mashahidi. Miaka ya karibuni serikali imeendesha urasimishaji, yaani kuchora na kupima makazi yaliyokwisha kujengwa, na maelfu wamepata hati kwa njia hiyo. Nauunga mkono urasimishaji kwa moyo wote. Hata hivyo, kuchora mtaa baada ya kujengwa kunaweza kuhalalisha umiliki, lakini hakuwezi kurudisha uwanja wa michezo ambao tayari ni sebule ya mtu.

Kiwanja cha ishirini kwa ishirini kina tatizo jingine, nalo ni la hesabu tupu. Pembezoni mwa mji nyumba nyingi hazina bomba la majitaka. Kila moja ina shimo lake. Na pale maji ya bomba ya DAWASA, mamlaka ya maji ya Dar es Salaam, yasipofika, kila moja inataka kisima. Kanuni ya kawaida ya afya ya mazingira ni kuacha angalau mita 30 kati ya kisima na shimo la choo. Hata tukichukulia kila hatua ni mita moja, kiwanja cha mita 20 kwa 20, ukikipima kutoka pembe moja hadi pembe ya mkabala, hakifiki mita 29. Maana yake hakuna mahali ndani ya kiwanja hicho ambapo unaweza kuweka shimo lako na kisima chako kwa usalama, achilia mbali mashimo ya majirani wanne wanaokuzunguka. Siku ya kwanza maji yatakuwa matamu, kwa sababu majirani bado hawajaja. Kwa hiyo ukikuta nyumba nzuri kwenye kiwanja kidogo, yenye kisima, na muuzaji anajisifu kwamba haitegemei maji ya mtu, peleka sampuli maabara, na uliza bomba la DAWASA limefika wapi. Kigamboni karibu na bahari, onja pia chumvi.

Suala la maji ya mvua nitalisema kwa msisitizo kuliko mengine yote, kwa sababu linaua. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kibinadamu za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa au bahari. Watu husikia "mto" wakafikiria Rufiji. Katika Dar es Salaam mto unaweza kuwa korongo kavu ambalo watoto wanachezea mpira Januari, na mwezi wa nne likabeba gari. Mto Mbezi, Mto Tegeta, Mto Mpiji ulio mpakani na Bagamoyo: yote hii hula kingo zake, hasa pale wachimbaji wanapochota mchanga. Ukingo unasogea. Nyumba iliyojengwa mbali na maji inaweza kujikuta ukingoni bila mwenyewe kuhama. Desemba 2011 mafuriko yaliua watu kadhaa mjini, na familia zilizotolewa kwenye bonde la Msimbazi zikapewa viwanja Mabwepande, kilomita nyingi kutoka kwenye riziki zao. Viwanja vya karibu na korongo ndivyo hasa vyenye miti, kivuli na ukimya, na ndivyo dalali atakavyokuonyesha wakati wa kiangazi.

Nenda wakati wa masika. Kama huwezi kusubiri, soma kuta: alama ya maji huacha mstari wa rangi ya udongo kwenye nyumba za jirani. Tazama misingi, ikiwa matofali ya chini yameachwa uchi, mvua imeondoa udongo uliokuwa juu yake. Na zungumza na mama mwenye genge au kijana wa bodaboda, kwa sababu wao wanajua ni njia gani haipitiki na kwa siku ngapi. Maelezo yao nayathamini kuliko ya mtu yeyote mwenye asilimia kwenye mauzo.

Barabara kuu nazo zina mipaka yake. Sheria ya Barabara ya 2007 ilipanua hifadhi ya barabara kuu kutoka mita 22.5 hadi 30 kila upande kutoka katikati ya barabara. Barabara ya Morogoro, katika kipande cha Kimara hadi Kiluvya, hifadhi yake ilihesabiwa kwa zaidi ya mita 100 kila upande, na mwaka 2017 nyumba nyingi zilizokuwa ndani yake zilibomolewa kupisha upanuzi. Zilikuwamo nyumba zenye umeme, zenye maji, zilizorithiwa. Namba ya mita ya umeme si kibali cha ardhi, wala risiti ya kodi ya majengo haimfanyi mtu kuwa mmiliki. Ukiona alama ya X nyekundu ukutani iliyopakwa chokaa juu, uliza mpaka uridhike.

Kwenye karatasi sitakaa sana, kwa kuwa wakili wako atafanya kazi hiyo vizuri kama utamlipa mwenyewe, naye si wakili wa muuzaji. Tanzania ardhi yote ni ya umma chini ya udhamini wa Rais. Tunachonunua ni haki ya kuikalia, kwa kawaida kwa miaka 33, 66 au 99. Kwa hiyo angalia imebaki mingapi. Fanya upekuzi rasmi kwa Msajili wa Hati ujue kama nyumba imewekwa rehani au kuna mtu ameweka zuio. Uliza madeni ya kodi ya pango la ardhi. Kama mkononi kuna barua ya toleo au leseni ya makazi, si kosa, lakini bei yake isiwe ya hati. Kama muuzaji ni msimamizi wa mirathi, ione barua ya mahakama, na warithi wote wajue. Na kuna kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 ambacho kimevunja mauzo mengi: nyumba ya ndoa haiuzwi na mwenza mmoja bila ridhaa ya mwenzake. Saini ya mke au mume isiwe ya kuletwa kwenye bahasha. Mwone ana kwa ana, zungumza naye, hakikisha hajalazimishwa. Hilo ni la kisheria, na pia ni la utu, maana huyo ndiye anayepoteza nyumba.

Mpima ardhi naye aje aonyeshe bikoni moja moja. Kwenye mradi wa serikali wa viwanja 20,000 ulioanza 2002, ambao ulipima viwanja Kibada, Bunju, Mivumoni na Buyuni, upimaji ulikuwa mzuri, lakini viwanja vingi vilikaa miaka bila kujengwa, na bikoni hung'olewa na matrekta, na wakulima wa msimu, na wakati mwingine na majirani. Ukuta wa jirani uliosogea mita moja na nusu ni ugomvi utakaowarithisha watoto.

Baada ya yote hayo kuna kuishi kwenyewe. Nje ya mji unalipia ukimya kwa muda. Mtoto anayesoma mjini ataamshwa saa 10 usiku ili basi la shule limchukue saa 11, na baba atarudi watoto wamelala. Nimeona familia zilizojenga nyumba nzuri kabisa Mapinga, kisha mama akabaki nayo peke yake wiki nzima. Kabla ya kununua, fanya safari ile siku ya kazi, asubuhi na jioni, kwa usafiri ule ule utakaoutumia. Nenda tena Ijumaa usiku na Jumapili asubuhi, usimame nje ya geti. Spika za baa na spika za ibada zote hulia kwa saa zake, na hakuna itakayokuwa inalia Jumamosi saa 4 asubuhi ulipoletwa na dalali. Uliza pia ulinzi shirikishi unaendeshwaje na nani anachangia, kwa sababu mtaa wenye watu wachache barabarani ni mtulivu kwako na kwa mwizi pia.

Ukishahamia, kazi ya kulinda kile ulichokinunua inaanza kwenye mkutano wa mtaa. Wasomi na watumishi wengi huuacha mkutano ule kwa wazee na wafanyabiashara, halafu hushangaa wakiona nguzo zinasimikwa kwenye uwanja wa watoto. Nenda. Ombeni nakala ya mchoro kutoka halmashauri, itundikwe ofisi ya serikali ya mtaa mahali kila mtu anapoweza kuisoma. Pandeni miti kwenye eneo la wazi, wekeni magoli, na wapeni vijana walitumie kila jioni. Uwanja unaotumika ni mgumu kuuzwa kisirisiri. Mtu akiomba kubadili nyumba yake kuwa ukumbi, pelekeni pingamizi kwa maandishi wakati maombi bado yanashughulikiwa, likitaja namba ya kiwanja na matumizi yaliyoandikwa kwenye mchoro. Likiwa na saini za kaya nyingi za mtaa, afisa wa mipango miji anapata kitu cha kusimamia akiwa mbele ya baraza la madiwani. Nimekaa upande ule wa meza, na ninajua jinsi ilivyo vigumu kutetea eneo la wazi ambalo hakuna mkazi hata mmoja aliyeandika barua kuliulizia.